Mwalimu wa Kwaya na Wimbo wa Mama Yangu

Jina lake sitalitaja. Yeye langu hakulitaja pale lilipohitajika, kwenye ile karatasi ya duara inayobandikwa katikati ya santuri, kwa hiyo kwa hilo angalau tuko sawa. Makongeni nzima ilimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki hata siku moja. Alikuwa karani wa stoo kwenye reli. Ualimu wake ulikuwa wa kwaya ya kanisa letu, na Jumamosi mchana ulikuwa wa bendi ya magitaa ya umeme iliyopiga katika ukumbi wa mtaa. Watu wakimkumbuka husema alikuwa mtu mzuri, na hawadanganyi. Nami mazuri yake nitayasema yote, ili mtu asije akadai nimemwonea.

Nianze na sikio lake, maana ndilo lililomfanya awe vile alivyokuwa. Karakana ya reli ilikuwa na king'ora cha kuwaita wafanyakazi asubuhi. Sisi wengine kilituamsha, yeye kilimkera. Alitoka mlangoni na kikombe cha chai, akakisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kiko chini kidogo," alisema. "Wangekipandisha kidogo tu, kingekuwa noti safi." Aliwahi hata kuwaandikia wakubwa wa karakana barua juu ya jambo hilo, kwa taipu, na nakala akaweka. Hawakumjibu, na alisononeka wiki nzima.

Katika mfuko wa shati, katikati ya kalamu, alibeba kichuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa noti moja tu, ndefu na safi. Alikigonga kwenye goti, akakiweka karibu na sikio, kisha akagonga chochote kilichokuwa mbele yake: glasi, sufuria, reli ya kitanda cha mgonjwa aliyekwenda kumwombea. Mama yangu alimcheka sana kwa tabia hiyo. Akimwona anakuja kwetu alisema, "Ficheni vikombe, anakuja kuvipima sauti." Mwalimu alicheka naye, akaketi, na baada ya dakika mbili alikuwa ameshagonga sahani.

Kwenye kwaya hakupaza sauti. Tulikuwa watu thelathini na zaidi, na mmoja akiteleza nyuma kabisa karibu na dirisha, Mwalimu aliinua mkono, kwaya ikanyamaza, akamtazama mwenye kosa na kumwimbia lile kosa lake, vilevile alivyoliimba, bila kuongeza wala kupunguza. Kila mtu alicheka isipokuwa wewe. Ukilia, alikuwa na jibu moja tu. "Machozi peleka nyumbani. Mimi nipe noti." Wasichana wawili waliacha kwaya kwa ajili hiyo. Mimi sikuacha. Nilitaka siku moja aninyamazie, nijue kwamba sijakosea.

Gitaa ni yeye aliyenifundisha, na hilo ni la mazuri yake. Siku zile gitaa lilikuwa la wanaume, na tena wanaume ambao baba zetu hawakutaka waonekane karibu na milango yao. Baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa, Mkamba wa kanisani, mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yalikuwa "hapana." Mwalimu alikuja akaketi naye saa nzima wakizungumzia mabehewa. Alipoinuka kuondoka ndipo aliposema, "Mzee, huyu binti ana kitu sikioni. Mimi wa kwangu hawana. Niachie kila Alhamisi nimfundishe, na mke wangu atakuwa pale pale." Baba alikubali. Kwa miaka mitatu, kila Alhamisi jioni, niliketi kwenye stuli jikoni kwa Mwalimu, mke wake akichambua sukuma wiki, nikajifunza mpaka ncha za vidole zikawa ngumu.

Watu walimsema kwa sababu ya bendi. Jumapili alikuwa anakataza mtu kutikisa mabega madhabahuni, na Jumamosi alikuwa jukwaani ukumbini akiwafanya vijana wa reli watikise kila kitu walichonacho. Vijana wake walivaa suruali pana miguuni na viatu vya kisigino kirefu, yeye kati yao na tai ya ofisini na suruali iliyopigwa pasi ya makaa mpaka mkunjo ukasimama. Pasta alipomwita kumuuliza, alijibu kwamba Jumapili anamwimbia Mungu na Jumamosi anavifanyisha vidole mazoezi ili Jumapili visimwaibishe. Pasta alicheka, na kesi ikaisha. Ndivyo alivyokuwa. Ulikwenda kwake na hasira ukarudi unatabasamu.

Ulikuwa wakati wa magitaa. Kila mtaa wa Eastlands ulikuwa na bendi, na kila bendi ilitaka kuingia studio River Road itoe santuri. Zilikuwa zile ndogo, zenye dakika tatu hivi kila upande, ndiyo maana nyimbo zote zilikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza maneno. Halafu unageuza, na upande wa pili maneno yamekwisha, magitaa yanakimbia. Watu walingojea upande wa pili. Mwalimu yeye alipenda wa kwanza, ingawa hakuwaambia vijana wake.

Mama alikufa nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Homa ilimchukua ndani ya siku nne. Mtu wa kwanza kugonga mlango wetu alikuwa Mwalimu, na kuanzia hapo baba hakuhitaji kufanya lolote zaidi ya kukaa. Mwalimu aliita kwaya. Mwalimu alitafuta lori la kutupeleka Machakos, kwa sababu kwetu mtu hazikwi ugenini. Asubuhi ya safari alisimama nyuma ya lori na karatasi ya majina, kalamu sikioni, akipandisha mmoja mmoja: wazee, mashangazi, kwaya, watu wa karakana. Nilikuwa nimewavalisha wadogo zangu wawili na nilikuwa wa mwisho. Aliangalia ndani, akaangalia karatasi, akanishika bega kwa upole kabisa.

"Gari limejaa," akasema. "Wewe binti baki na wadogo zako. Mtoto mdogo hafai kwenda safari hii."

Baba alikuwa mbele na dereva, hakusikia. Mwalimu alinipa ufunguo wa nyumba yetu, lori likaondoka, nikalitazama mpaka lilipokata kuingia Jogoo Road. Kwaya nzima ilimzika mama yangu. Watu wa stoo walimzika, wengine hawakuwa wamewahi hata kumsalimia. Mimi nilikuwa Makongeni nawapikia watoto uji.

Wimbo ulinijia wiki hiyo hiyo, nikiosha vyombo vya matanga. Sikuutafuta. Ulianza hivi:

*Gari limejaa, mama, nimebaki na ufunguo,*
*nani atanifungulia, wewe ukishafika?*

Alhamisi ya kwanza baada ya matanga nilimwimbia Mwalimu, jikoni kwake. Alifumba macho. Nilipomaliza hakunirudishia kosa lolote. Alisema tu, "Rudia." Niliporudia mara ya tatu alinyoosha mkono akachukua gitaa na kutafuta mwanzo wake, na mwanzo aliouona ulikuwa noti moja tu, akaishika ikalia peke yake kwa muda mrefu kabla ya nyuzi nyingine kuingia. Noti ile ilikuwa yake na ilikuwa nzuri. Siwezi kuikataa. Mke wake alikuwa ameacha kuchambua mboga. Nilirudi nyumbani jioni ile nikijua kwamba hatimaye nimenyamaziwa, na nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwalimu kama yule.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa Muthurwa nanunua nyanya. Kwenye kibanda cha santuri, upande wa pili wa njia, nikaisikia noti ile. Niliitambua kabla haijaisha. Kwanza nilifurahi, nikadhani kuna kitu Mwalimu amenifichia ili anishangaze. Kisha akaingia msichana kuimba, msichana wa bendi fulani ya mtaa wa pili ninayemfahamu, mwenye sauti tamu isiyo na kazi, akaimba: *Gari limejaa, mpenzi, nimebaki na ufunguo.*

Mpenzi. Wavulana wawili waliokuwa wakipakua viazi walianza kucheza pale pale kwenye tope.

Nilivuka nikamwomba muuzaji nione santuri. "Ngoma moto hii, dada," aliniambia. "Leo pekee nimeuza karibu zote. Nikufungie moja?" Nilisoma ile karatasi ya duara ikiwa bado inazunguka, nikangojea isimame nisome tena. Jina la wimbo. Jina la bendi. Mtunzi: yeye. Nyanya zangu niliziacha pale kibandani na sijui nani alizila.

Mwaka ule wote wimbo ulinifuata. Redioni kulikuwa na kipindi cha salamu, watu wanatuma kadi zao, mtangazaji anasoma majina ya shangazi na binamu na wafanyakazi wote wa kiwanda fulani, halafu anapiga wimbo waliouchagua, na karibu kila siku waliuchagua ule. Jirani yetu aliuimba akianika nguo. Kwenye harusi moja ya kanisani kwetu waliupiga, maharusi wakainuka, na watu wale wale waliokuwa ndani ya lori wakaucheza wakipiga makofi. Walicheza maziko ya mama yangu na soda mikononi. Nilitoka nje nikasimama karibu na choo mpaka ulipokwisha, wakageuza upande wa pili, ukaendelea.

Nilimwendea, bila shaka nilimwendea. Alhamisi, saa ile ile, stuli ile ile. Hakukwepa na hakuona haya, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Jina linaloandikwa ni la mwenye bendi," alinieleza, kwa subira, kama anayefundisha. "Wimbo wowote bendi ikiurekodi, anayejaza fomu ni mimi, na fomu ina mstari mmoja. Ndivyo kazi ilivyo, River Road nzima. Hata wimbo wa mpiga ngoma wetu niliandika langu, na hajalia."

"Na mama umempeleka wapi? Kwa nini umeweka mpenzi?"

"Mama hachezeki, binti. Mpenzi anachezeka."

"Maneno ni yangu, Mwalimu."

"Sasa tuseme ukweli. 'Gari limejaa' nani aliyelisema kwanza? Si mimi?"

Ni kweli alilisema yeye. Nilichoweza kutoa ni hiki tu: "Mwalimu, yule ni mama yangu."

"Najua," akasema, na alisema kwa huruma, naapa. "Mimi ndiye niliyemzika."

Niliacha kwaya. Nilimchukia vile mtu anavyopaswa kuchukia mara moja tu maishani, kwa sababu ni kazi kubwa na inachosha. Nilifikiria kukata nyuzi za magitaa yake. Nilifikiria kusimama kanisani wakati wa shuhuda. Lakini nani angenisikiliza? Alikuwa ameketi na nusu ya mtaa katika misiba yao. Ningekuwa yule msichana asiye na shukrani, aliyefundishwa gitaa bure akaja kumtukana mzee. Nilijiambia ningoje. Sikujua nangoja nini, lakini nilijua sitamwacha.

Shangazi yangu aliishi Mukuru kwa Njenga na alikuwa akifagia katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Ndiye aliyeniambia kwamba wanatafuta wasichana wenye macho mazuri na mikono isiyotetemeka. Nilikwenda kwa miguu, nikavuka reli, nikafanyiwa majaribio, nikapata. Kiwanda kilikuwa cha kutengeneza santuri.

Niieleze kazi hiyo vizuri, maana nilikuwa bingwa wake. Santuri inagandamizwa kwenye mashine, plastiki nyeusi ya moto katikati ya mabamba mawili ya chuma yenye mistari ya wimbo. Kabla bamba halijaenda kwenye mashine, lazima litobolewe tundu katikati, na tundu hilo ndilo linaloamua katikati ya kila santuri itakayotoka hapo, mia kwa mia. Nililiweka bamba kwenye meza inayozunguka, nikatazama mistari kwenye kioo cha kukuza, nikasukuma kidogo huku, kidogo kule, mpaka mistari ikazunguka bila kucheza. Kisha nikakanyaga pedali, tundu likatoka. Ukikosea kwa unene wa ukucha, santuri inapozunguka inakwenda upande, na sauti inapanda na kushuka kidogo kila mzunguko. Anayecheza dansi hasikii. Karibu hakuna anayesikia. Inajulikana kwenye noti moja ndefu inayolia peke yake, na lazima uwe na sikio la pekee.

Mwalimu, baada ya wimbo wangu kumpa jina, alianza kila wimbo wake kwa noti moja ndefu inayolia peke yake.

Bamba lake la kwanza lilifika mezani kwangu mwezi wa pili wa kazi. Nilisoma jina kwenye bahasha, nikaliweka, nikatazama kwenye kioo, nikalisawazisha mpaka likazunguka safi kabisa. Halafu nikalisukuma unene wa ukucha. Msimamizi alipita nyuma yangu, akaguna kwa kuridhika, akaenda zake. Nikakanyaga pedali. Jioni nilinunua nyama nusu kilo, baba akaniuliza kuna sherehe gani.

Mdogo wangu alikuwa ameingia kwaya, na ndiye aliyeniletea habari bila kujua zina maana gani kwangu. Mwalimu ameleta santuri mpya, ameipiga mara moja, ameizima. Mwalimu ameirudisha dukani River Road. Muuza duka amemwambia, "Mzee, watu wanacheza, wewe unatafuta nini?" Amebadilishiwa, ameipiga, ameizima. Vijana wa bendi wamemwambia, "Buda, iko sawa, sisi hatusikii kitu." Amefungua mashine ya kupigia santuri kwa bisibisi na kuipanga mezani vipande vipande. Amemfukuza mpiga gitaa la besi. Amemrudisha. Santuri ya pili ikatoka, ya tatu, ya nne, zote zikapita mezani kwangu, zote kwa unene wa ukucha. Hatimaye amekwenda hospitali kupimwa masikio, na daktari amemwambia hana ugonjwa.

Nilifurahi. Mtu akitarajia niseme nilijuta, anangoja bure. Nilikuwa nikila vizuri na kulala vizuri. Lakini kulikuwa na jambo moja alilonisimulia mdogo wangu ambalo lilinipunguzia furaha kidogo, nalo nalisema kwa sababu nimeahidi haki. Alisema Mwalimu hainui tena mkono kusimamisha kwaya. Mtu akiteleza, anaangalia huku na huku, halafu anauliza, "Mko sawa?" Anawauliza wao. Na wao, kwa sababu hawakuwa na masikio, walijibu wako sawa. Kwaya ilikwenda mashindano ya dayosisi mwaka ule ikawa ya mwisho. Nilimsikiliza mdogo wangu, nikamwambia apunguze moto wa maharagwe.

Siku moja bahasha iliyoletwa ilikuwa ya *Gari Limejaa*. Bado ilikuwa inauzwa, bamba la zamani lilikuwa limechakaa wakatengeneza jipya. Nililitazama muda mrefu mpaka msimamizi akaniuliza kama kuna tatizo. Nilikuwa na sababu zote. Sauti si yangu, neno si langu, jina si langu. Lakini ndani mlikuwa na mama, hata kama wamembandika jina jingine, na sikuwa tayari kumyumbisha. Nililipanga bamba lile vizuri kuliko nilivyowahi kupanga bamba lolote, nikakanyaga pedali. Katikati kabisa.

Halafu kaseti zikaja, na zile ziliwaumiza watu wote bila kubagua. Mtu mmoja alinunua kaseti moja akawanakilia jirani zake kumi, na vibanda vilivyokuwa vikiuza santuri vikaanza kuuza nakala hadharani. Kiwanda kilipunguza zamu, kikapunguza wasichana, kikafunga. Bendi ya Mwalimu ilivunjika, vijana wakapata watoto. Mimi niliolewa, nikanunua cherehani, nikashona sare za shule. Gitaa sikushika tena.

Alinitumia ujumbe kupitia mdogo wangu, miaka ya themanini ikielekea kwisha. Alikuwa amestaafu, nyumba ya reli amerudisha, mke amefariki, anaishi kwa binti yake ghorofa ya pili katika mtaa mwingine wa kando ya Jogoo Road. Nilikwenda mchana wa Jumamosi. Sikwenda kumjulia hali. Nilitaka kuona amefikia wapi.

Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka, na tai amevaa. Binti yake alitutilia chai akatoka kwenda sokoni. Mwalimu alingoja mlango ufungwe.

"Zote ziliyumba," akasema. "Isipokuwa moja. Ilinichukua miaka kuuliza kwa nini ile moja. Nilipouliza hivyo, nikajua ni wewe. Nikaulizia unafanya kazi wapi."

Sikukataa.

"Miaka ile yote nilidhani nimepoteza sikio. Nilikuwa nimeanza kuogopa kuimba hata bafuni." Alikunywa chai. "Ulisogeza kiasi gani?"

"Unene wa ukucha."

Alitikisa kichwa taratibu, na naapa aliupenda ule ufundi. "Kazi safi," akasema. "Wakati ule ungeweza kunieleza ukweli, nawe hukunieleza. Mimi nilipojua ningeweza kulalamika kwa wakubwa wako, nami sikulalamika. Basi tumelipana."

"Hatujalipana, Mwalimu."

Aliliacha hilo. Akaniambia alichoniitia. Mpwa wake alikuwa na mashine ya kurekodi kaseti, na alitaka kuacha kaseti moja ya nyimbo zake, yeye na gitaa kavu lisilo la umeme, kabla vidole havijamwacha. Na *Gari Limejaa* alitaka kuuimba mzima, na mama ndani yake badala ya mpenzi. Zamani alikuwa amekata ubeti wa tatu kwa sababu upande wa santuri haukutosha. Kaseti ina nafasi. Tatizo ni kwamba ubeti ule aliusikia mara tatu tu, jikoni, na umemtoka. Sauti yake anaikumbuka. Maneno hana.

"Na kwenye kaseti utaandika mtunzi nani?"

Alitazama kikombe. "Binti, watu wote wanajua ni wangu. Nikibadilisha leo, mwisho huu, wataniita mwizi. Niachie hilo."

"Basi ubeti wa tatu muulize aliyetunga," nikamwambia.

Nje wanawake walikuwa wakifua kwenye veranda, maji yakimwagika. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo namuuliza."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu Muthurwa. Nilidhani likija nitalia. Sikulia. Nilisimama nikafungua mlango wa veranda mpaka mwisho.

"Sema huku," nikamwambia. "Humu ndani tuko wawili."

Alichukua muda kuinuka, nami sikumshika mkono. Kulikuwa na wanawake wanne, watatu vijana na mmoja mwenye mtoto mgongoni, mikono yao imejaa povu. Walimwamkia. Mwalimu alisimama mlangoni akarekebisha tai.

"Nataka mjue," akasema, "wimbo wa *Gari Limejaa* sikutunga mimi. Ametunga huyu mama. Alimtungia mama yake. Mimi niliandika jina langu."

Walitazamana. "Wimbo gani, mzee?" akauliza mmoja.

"*Gari Limejaa*."

"Hiyo siijui. Wewe unaijua?" Mwenzake alitikisa kichwa. "Ni ya kanisa?"

Mwalimu aliniangalia, kisha akajaribu kuwaimbia. Aliishika noti ya kwanza kwa mdomo, akaimba mstari mmoja na nusu, na sauti ikamkatikia. Waliogopa kucheka. Yule mwenye mtoto alinigeukia akapangusa povu kwenye kanga.

"Si basi wewe mwenyewe utuimbie, mama? Tusikie."

Wote walisimamisha kufua. Mwalimu alikuwa ameegemea fremu ya mlango na kichwa amekiinamisha upande, upande wa sikio, kama alivyokuwa akifanya kwenye kwaya. Nilikuwa na sauti, na maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu, pamoja na yale anayoyataka. Alikuwa amenipa jina langu mbele za watu, na watu hao hawakujua ni jina la nini. Ningeimba wangejua. Yeye pia angepata.

Nilichukua mkoba wangu nikawaaga, wale wanawake kwanza, yeye mwisho, nikashuka ngazi. Nikiwa chini nilimsikia akiwaeleza kwamba kulikuwa na ubeti wa tatu. Aliondoka duniani mwaka uliofuata bila huo ubeti. Ninao mimi, na hata hapa siuandiki.